Darasa la saba linafutwa, chujio linahamia form one

Tangu Februari mosi 2025 pale Dodoma, Rais Samia alipozindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 Toleo la 2023, mjadala wa mtaani umeganda kwenye kitu kimoja tu, darasa la saba linafutwa. Kwenye daladala, kwenye magrupu ya wazazi, mpaka msibani unakuta mzee analalamika kwamba serikali imepunguza elimu, eti mtoto wa miaka kumi na mbili anaambiwa kamaliza shule, sasa aende wapi. Wengine wanasema ni mbinu ya kubana matumizi, mwaka mzima wa chaki na mishahara umeokolewa. Hofu naielewa inapotoka ila jamani hapo tumesoma kinyume. Elimu ya lazima ilikuwa miaka saba, sasa inakuwa kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na kabla ya hapo kuna mwaka wa awali. Hakuna anayemaliza shule na miaka kumi na mbili, anayeanza la kwanza na miaka sita anatakiwa atoke na kumi na sita akiwa amemaliza form four. Kilichoondolewa pale katikati ni geti.

Na hapo kwenye geti ndo nataka tukae kidogo. Ninavyoona mimi chujio halijafutwa, limehamishwa tu. Lilikuwa kwenye chumba cha mtihani wa la saba, mtoto anapita au hapiti, matokeo yakitoka ukoo mzima unajua. Sasa linahamia ndani ya darasa la form one, jina lake Kiingereza, na ubaya wake halitangazi matokeo. Mtoto atakuwa ameandikishwa, ana sare, ana namba, kwenye takwimu anahesabiwa yuko shuleni, afu kichwani haingii kitu. Tukiendelea kubishania darasa la saba huku lugha ya kufundishia tumeiacha ilipo, ile miaka kumi ya lazima tutakuja kugundua ilikuwa sita ya kusoma na minne ya kunakili ubaoni.

Tuanze na hesabu ili tujue mtoto tunayemuongelea ni nani. Mtihani wa darasa la saba wa 2024 walifaulu watahiniwa 974,229, asilimia 80.87 ya waliofanya, na tukashangilia ufaulu. Sawa, ila geuza shilingi upande wa pili, kuna watoto zaidi ya laki mbili kwa mwaka mmoja tu ambao safari yao iliishia pale. Wachache wazazi walikuwa na uwezo wakawapeleka private, wachache wakaenda ufundi, waliobaki unawafahamu, ndo dada wa kazi wa jirani yako, ndo dogo anayeuza maji pale mataa, ndo wanaochunga na kulima kule kijijini. Kwa sera mpya watoto wa aina hii wote wanaingia form one. Ni jambo jema na naliunga mkono bila kupepesa macho, mtoto wa miaka kumi na tatu hatakiwi kuhukumiwa maisha yake yote kwa mtihani wa siku mbili. Lakini tukubaliane kitu kimoja, form one ya zamani ilikuwa inapokea waliochujwa na bado wengi walikuwa wanazama. Hii mpya inapokea wote, aliyepata A na aliyeshindwa kuandika sentensi moja ya Kiingereza, wanakaa dawati moja na wanafunguliwa kitabu kilekile.

Afu kuna 2028. Walioanza la tatu Januari 2024 na mtaala mpya watamaliza la sita mwishoni mwa 2027, mwaka uleule ambao kaka na dada zao wa mtaala wa zamani wanamaliza la saba, kwahiyo Januari 2028 madarasa mawili yanapiga hodi form one kwa mpigo. Viongozi wakiligusa hili wanaongelea madarasa, madawati na matundu ya vyoo. Kuna SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 uliopitishwa 2020, umejenga shule, na kusema ukweli majengo hayanipi presha sana maana hii nchi ikiamua kujenga inajenga, tuliona enzi za waziri mkuu Lowassa shule za kata zilivyoota kama uyoga baada ya mvua. Mwalimu ndo hamwagwi kama zege. Wa fizikia anachukua miaka kumpika, na tuliona matokeo ya form four ya 2012 yalipotoka asilimia kama 60 wamepata ziro, mpaka yakafutwa yakapangwa upya. Madarasa yalikuwepo. Ila hata ukimpata huyo mwalimu wa fizikia, ukamlipa vizuri na nyumba ukampa, atasimama mbele ya watoto themanini afundishe kwa lugha ambayo hawaijui, na yeye mwenyewe akiwa kwenye chai anaongea na wenzake Kiswahili kitupu.

Hii ya lugha ina historia ndefu kidogo, vumilieni maana bila kuijua utadhani ni kelele za wapenda Kiswahili wa juzi. Mwaka 1967 Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mpango wa pili wa maendeleo, ule wa 1969 mpaka 1974, ukasema sekondari nayo itafuata. Haikufuata. Tume ya Makweta, aliyoiunda Mwalimu Nyerere ipitie elimu yote, ikaja mwaka 1982 na tarehe kabisa, sekondari ianze Kiswahili 1985. Serikali ikakataa, na Mwalimu mwenyewe 1984 akasema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, maneno ambayo mpaka leo wanaotetea Kiingereza wanayashika kama hirizi. Sera ya elimu ya 1995 ikaendelea na Kiingereza, miaka miwili tu mbele Sera ya Utamaduni ya 1997 ikasema utaandaliwa mpango maalum wa Kiswahili kwenye ngazi zote, serikali ileile jamani. Sera ya 2014, aliyoizindua Kikwete Februari 2015, ikaandika kwamba Kiswahili kitatumika ngazi zote za elimu, afu pembeni yake ikaandika Kiingereza nacho kitaendelea kutumika kufundishia, yani kama mtu anayeoa huku anaapa ataendelea kukaa kwa mama yake. Toleo la 2023 walau limeacha kuzunguka: awali na msingi Kiswahili, sekondari kwenda juu Kiingereza, na Kiingereza kama somo kinaanza la kwanza badala ya la tatu. Naheshimu kwamba wamesema wazi. Ila wamesema wazi kitu ambacho ushahidi wa miaka arobaini unakikataa.

Mpwa wangu yuko form one, shule ya kata. Jumapili moja alikuja na daftari lake la Biology nikalifungua. Mwandiko mzuri kuliko wangu, mistari kumi na moja ya Kiingereza kuhusu photosynthesis, na neno chlorophyll kaliandika kwa namna tatu tofauti ukurasa mmoja. Nikamuuliza hii inasemaje, akanijibu anko hiyo tumeandikiwa tu, mwalimu bado hajaelezea. Tarehe ya juu ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Nikafunga daftari nikamuuliza, usanisinuru ni nini? Dogo akakaa vizuri. Akaanza, mmea unachukua maji kwenye mizizi, kwenye majani unachukua kabonidayoksaidi, jua likipiga kwenye ule ukijani unatengeneza chakula na kutoa oksijeni, akachora na jani lenyewe na mishale, kila kitu kutoka darasa la tano. Nikamwambia sasa hiyo ndo hii hapa. Akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akasema acha utani anko. Alikuwa anaamini kwa dhati kabisa kwamba yale ni mambo mawili tofauti.

Sasa mtu atasema huyo ni mtoto mmoja, na kweli ni mmoja, ila jambo lenyewe limepimwa. 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walizunguka mashuleni wakapima Kiingereza cha wanafunzi mpaka wa chuo kikuu, na majibu yao yalikuwa kwamba kiwango ni cha chini kiasi kwamba Kiingereza hakifanyi kazi yake kama lugha ya kufundishia. Kichekesho ni kilichofuata, ukaletwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza kwa hela ya Uingereza na lugha ya kufundishia ikaachwa palepale. Kuanzia 2002 ukaja LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, watu wa Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzao wa vyuo vikuu vya Oslo na Western Cape, wakachukua wanafunzi wa form one na form two, mada ileile kundi moja linafundishwa kwa Kiswahili jingine kwa Kiingereza. Wa Kiswahili wakafanya vizuri zaidi, na kwangu mimi kubwa kuliko maksi ni kwamba darasani walikuwa wanauliza maswali, wanabishana na mwalimu, wakati kule kwa wenzao kulikuwa kimya kama kwenye misa. Sitaki kuibebesha lugha kila mzigo. Hisabati ya form four wanaofaulu ni kama robo tu, na hisabati wengi wanafeli tangu huko msingi inakofundishwa kwa Kiswahili, kwahiyo kuna mengine, idadi ya watoto darasani, walimu, njaa, umbali. Lakini ukiwa na matatizo kumi, halafu moja kati yake ndo linalofanya mengine tisa yasitibike, hilo unaanza nalo.

Haya, upande wa pili, wa wanaotaka Kiingereza kibaki. Hoja yao nzito kabisa, na inanisumbua mpaka leo, ni ya mzazi wa kawaida. Mama anayeuza vitumbua atakwambia wewe msomi Kiingereza ushakipata, umekitumia umepata kazi, sasa unataka mwanangu asikipate, wa kwako yuko English medium. Na hapo anakuwa amekupiga pabaya maana ni kweli, wengi wa wanaoandika makala za kutetea Kiswahili watoto wao hawako kayumba, hizi shule za kawaida za serikali. Ukiamua kesho shule za serikali zote ni Kiswahili mpaka form four, private zitajaza mara mbili, na tangazo la kazi litaendelea kuandikwa kwa Kiingereza na usaili kufanywa kwa Kiingereza, mwenye nacho anazidi kupasua mbele. Angalia foleni ya kutafuta nafasi kwenye zile shule chache za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kina Olympio na Diamond pale Dar, wazazi wanahangaika kama wanatafuta viza. Hawa siyo wajinga na hawana kasumba kama tunavyopenda kuwatukana. Wamepiga hesabu ya soko la ajira lilivyo na hesabu yao iko sawa.

Ila angalia wanachokitaka na wanachopewa. Yule mama anataka mtoto ajue Kiingereza. Anachopewa ni mtoto kufundishwa kemia kwa Kiingereza, na hivyo ni vitu viwili. Profesa Martha Qorro wa Mlimani, ambaye kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kufundisha Kiingereza chenyewe kwahiyo huwezi kumwambia anakichukia, amelisema hili mpaka sauti ikakauka: kufundisha Kiingereza ni jambo moja, kufundisha kwa Kiingereza ni jingine, na la pili halileti la kwanza. Mwalimu wa kemia hana muda wala mafunzo ya kusahihisha sarufi, na somo la Kiingereza lenyewe lina vipindi vichache kwa wiki na darasa la watoto themanini. Matokeo yake mtoto anatoka form four kemia hana na Kiingereza hana. Kwahiyo pengo kati ya wa kayumba na wa English medium ambalo mama analiogopa lipo tayari, limekaa hapo miaka yote, tunalifunika tu na bango la getini lililoandikwa ongea Kiingereza, shule ambayo hata anayeshika zamu hakiongei.

Hoja yao nyepesi ni ile ya kwamba mtoto akizungukwa na lugha ataishika tu. Wanakutolea mfano wa mtoto aliyetoka Bukoba anajua Kihaya tu, akaletwa Manzese, miezi mitatu anamwaga Kiswahili. Mfano mzuri ila umewageuka wenyewe. Yule mtoto Manzese Kiswahili kimemzunguka kweli, dukani, kwenye mpira, kwa mangi, kwenye ugomvi, hata matusi anatukanwa kwa Kiswahili. Form one ya shule ya kata kimemzunguka nini? Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili kwasababu akieleza kwa Kiingereza haeleweki, wenzake wanaongea Kiswahili, kule Meatu au Simanjiro wanaongea na lugha yao ya nyumbani, Kiingereza kinaishi ubaoni tu na kikifutwa kinakufa. Hakuna bwawa la kumtumbukiza huyo mtoto, kuna beseni.

Na ile kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi mimi nimechoka nayo. Taasisi ya Kiswahili ya Mlimani ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, leo tuko tunaambiwa maneno hayapo. Mtoto wa darasa la tano anasema usanisinuru, mmeng'enyo wa chakula, mfumo wa fahamu, bila kung'ata ulimi. Yakikosekana tunakopa, fundi gereji kakopa giaboksi, plagi, gasketi na klachi na gari linatembea. Hata hao Waingereza photosynthesis yao wameikopa kwa Wagiriki.

Ila na upande wangu nao una hoja za hovyo, tusioneane aibu. Ile ya Wachina, Wajapani na Wakorea wameendelea kwa lugha zao naomba tuiache jamani. Wale wana viwanda vya kuchapa vitabu, wana soko la wasomaji mamilioni kwa mamilioni, wanaandika wenyewe hizo tafiti, na mhandisi wao anaajiriwa na kampuni inayofanya kazi kwa lugha yake. Sisi kitabu cha Kiswahili cha kiada chenyewe watoto wanachangia. Ukimtajia mama wa vitumbua habari za Japani anakuona hujui kodi ya pango ni shilingi ngapi. Na wale wanaosema tubadili kila kitu kuanzia Januari ijayo nao sikubaliani nao, tukikurupuka na Kiswahili kama tulivyokurupuka na mengine tutakifanya kichukiwe bure. Zanzibar wamekwenda upande mwingine, sera yao ya 2006 ikapeleka hisabati na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano wakiamini ukianza mapema mtoto atazoea, na watafiti waliofuatilia mitihani ya kidato cha pili huko wamekuta watoto wanaoshindwa swali kwa Kiingereza wakiulizwa lilelile kwa Kiswahili wanalieleza. Kwahiyo kuanza mapema peke yake hakutibu, na hilo tulikumbuke tunapofurahia Kiingereza kuanzia la kwanza. Mwalimu wa la kwanza mwenye watoto mia na ushee, ambaye Kiingereza chake mwenyewe alikipata kwenye mfumo huuhuu tunaoulalamikia, atawafundisha kuimba gudi moningi ticha na wataimba vizuri sana.

Kinachonifanya niamini kuna njia ya katikati ni kwamba serikali yenyewe imeshaifungua, kimyakimya. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, la lazima, na sekondari linafundishwa kwa Kiswahili. Mbingu hazijaanguka. Na siyo mara ya kwanza, somo la Siasa lilifundishwa sekondari kwa Kiswahili miaka nenda rudi mpaka lilipogeuzwa kuwa Civics mwanzoni mwa miaka ya tisini ndo likahamishiwa Kiingereza, na wazee waliosoma Siasa watakuambia mabishano yalivyokuwa moto darasani. Bunge linaongea Kiswahili, sheria ikabadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na pale Mlimani mtu anaandika tasnifu ya udaktari kwa Kiswahili. Kwahiyo jaji anaruhusiwa kutoa hukumu kwa Kiswahili ila mtoto wa miaka kumi na mbili haruhusiwi kueleza jani linavyotengeneza chakula.

Mimi ningeanza na karatasi. Upimaji wa kidato cha pili uandikwe lugha mbili, Kiingereza kushoto Kiswahili kulia, mtoto ajibu kwa anayoiweza, asahihishwe alichojua. Vitabu vya form one na two vya sayansi vifuate hivyohivyo, maelezo ya Kiswahili na istilahi za Kiingereza pembeni, ili siku mpwa wangu akikutana na photosynthesis ajue ni rafiki yake wa zamani kabadili jina. Mwalimu anayechanganya lugha darasani aachwe achanganye bila kuonekana mhalifu maana sasa hivi mkaguzi akiingia mlangoni anageuza ghafla kimombo na darasa zima linakufa, kila aliyesoma shule zetu anaijua hiyo sinema. Na hela zote tunazotumia kulazimisha kemia kwa Kiingereza zielekezwe kwenye somo la Kiingereza lenyewe, mwalimu aliyefunzwa vizuri, vitabu vya hadithi, redio darasani, vipindi vya kutosha kuanzia la kwanza. Hapo mama wa vitumbua anapata alichokuwa anakitaka. Biashara ya pre form one ingekufa, zile wiki chache za mwezi wa kumi mpaka Desemba ambapo kila uchochoro una bango na banda la mabati na mzazi anauza kuku mtoto akafundishwe Kiingereza cha haraka, ila hiyo biashara yenyewe ni ushahidi kwamba wazazi wanalijua shimo lilipo.

Tusipofanya hivyo naona matatu yakija na hayako mbali. La kwanza utoro. Elimu ikishakuwa ya lazima, mtoto asiyekuja shule mtendaji anamkamata mzazi. Ila mtoto anayekaa saa nane kwa siku mahali asipoelewa chochote atatoroka tu, utamfunga mzazi kwa kosa la lugha. La pili ni hili la mkondo wa amali, yani wa stadi za kazi, ambalo mimi nalipenda na ndo maana linaniuma zaidi. Kwenye makaratasi amali na elimu ya jumla ni mikondo miwili iliyo sawa, mtoto anachagua ufundi, kilimo, uchongaji, michezo kwasababu anaupenda. Ila walimu wakishaona nani hajibu swali kwa Kiingereza, mtoto huyo ataambiwa wewe nenda amali, na mkondo utageuka jalala la waliokosa ng'eng'e kabla haujapata hata heshima. Tulishaziona shule za ufundi zenye jina, Ifunda, Moshi, Tanga, Bwiru, watu walikuwa wanaingia pale kwa kujivunia. Ukimpeleka mtu ufundi kama adhabu hapati ufundi, anapata adhabu.

La tatu liko chuoni huko juu na halionekani mpaka uwe umesahihisha. Anayevuka mpaka chuo kikuu kwa kukariri amejifunza kitu kimoja kizuri sana, kukariri, kwahiyo anapewa boom lake na HESLB, bodi ya mikopo, anatafuta desa la mwaka jana, anameza, anatapika kwenye mtihani, maisha yanaenda. Mhadhiri analalamika wanafunzi hawafikiri, mwajiri naye analalamika wahitimu hawajielezi, wote wanasema vijana wa siku hizi. Kijana wa siku hizi alizuiwa kuuliza maswali tangu akiwa na miaka kumi na tatu kwasababu swali lilikuwa kichwani kwa Kiswahili na ruhusa ilikuwa kwa Kiingereza, sasa swali lake akiwa na ishirini na mbili mtalipata wapi.

Jumapili ile kabla hajaondoka mpwa wangu alirudi kwenye daftari lake, pembeni ya ule mchoro wa jani akaandika kwa penseli, kwa Kiswahili, yale maelezo yake ya darasa la tano. Afu akaniuliza, anko, kwani kwenye mtihani nikiliandika jibu hivi, si watanipa hata nusu? Nikamwambia hapana, wanakupa sifuri. Akachukua kifutio.